Tulivyomtafuta Mchumba kwa Mashine na kwa Miguu

Watu wa mume wana mshenga. Watu wa mke, kwa ukoo wetu, wana mimi. Posa ikishaletwa, wazee husema, "Tunaomba muda," na kila mtu hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, anajua maana ya huo muda: ni mimi navaa viatu vya chini, nafunga mtandio, naenda kuulizia. Nauliza kijana anakaa wapi, anafanya kazi na nani, anaswali wapi, anakunywa chai kwa nani, na akikasirika anarusha nini. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mke kijana, na wallahi sijawahi kupewa hata kanga ya asante.

Posa ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya binti ya kaka yangu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, anauza dawa kwenye famasi moja mjini, na posa mbili zilikuwa zimeshamharibikia kwa sababu ambazo watu walizipika wenyewe. Hii ya tatu ilitoka kwa fundi wa kuchomea vyuma wa mtaa wa Cibitoke. Siku ile ile ilipoletwa, binti alinifuata uani, akanishika mkono kwa nguvu. "Shangazi, huyu namtaka," akasema. "Niulizie vizuri. Nikikosea hii sina nguvu ya nyingine." Nilimwambia alale usingizi, kazi hiyo iko mikononi mwa mwenyewe.

Kumbe nilikuwa na mshindani. Kaka yangu, ambaye ni mdogo wangu kwa miaka minne, anauza vipuri vya pikipiki, na tangu anunue simu ya kioo kikubwa amekuwa mufti wa kila jambo. Mafua anauliza simu. Mvua anauliza simu, na dirisha liko wazi mbele yake. Nilipokuwa navaa viatu akacheka.

"Dada, wacha miguu yako ipumuzike," akasema. "Siku hizi mutu anatafutwa hapa." Akagonga kioo kwa ukucha.

Akaandika jina la kijana kwenye ile mashine ya kutafuta. Alitokea mchezaji mpira, marehemu mmoja wa tangazo la mazishi, bwana mmoja wa Kanada anayeuza nyumba, na karatasi ndefu ya waliofaulu mtihani wa mkoa gani sijui. Sasa hapa kwetu jina la ukoo hatuna. Baba ana lake, mtoto ana lake, ndugu wa tumbo moja kila mmoja na lake, na majina yenyewe ni yale yale yanazunguka. Ukiliita jina la yule kijana sokoni watageuka watu kumi, na wa kumi na moja ataitikia kwa simu. Lakini kaka alisoma majibu yote, akavua miwani kama hakimu.

"Hayuko," akasema. "Mutu wa miaka salasini na tatu, na mashine haimujui! Anaficha nini?"

"Anaficha nini? Anachomea mageti. Ulitaka geti liandike?"

Kumbe alikuwa na mtu wake. Alikuwa dalali wa viwanja anayekaa Kinindo, kule kwenye kuta ndefu na magari ya mashirika, aliyekuja kula kwetu mara mbili na kumtupia jicho binti yetu wa famasi. Kaka akaandika jina la huyo. Loo! Zikamwagika kurasa. Tai nyekundu, tai ya buluu, mikono imekunjwa kifuani, ziwa nyuma yake. Kaka hakutosheka. Akaandika kwa Kifaransa "mtu wa kuaminika Bujumbura," na haki ya Mungu, akatokea yule yule, wa kwanza, anacheka.

Mtu mwingine angeishia hapo. Kaka yangu ni Mrundi wa mjini, na Mrundi wa mjini haamini kitu kisicho kwenye karatasi. Alikwenda kwenye kibanda cha sekretaria, kule wanakopiga fotokopi na kuandika barua za kuomba kazi, akachapisha kurasa kumi na sita. Kisha akadai kashe. Msichana wa pale akamwambia, baba, hii ni intaneti, haipigwi muhuri. Kaka akasema karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Msichana alikuwa na muhuri mmoja tu, ule wa PAYÉ wa kuonyesha kwamba mteja ameshalipa. Akampigia huo, kurasa zote kumi na sita, na kaka akarudi nyumbani na faili ya kijani kwapani.

Aliwasomea wazee wawili wa ukoo baada ya swala ya Ijumaa. Alisoma kwa Kifaransa, kwa sauti ya redio: kiongozi, mwenye maono, nguzo ya jamii. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza nani ameandika hayo maneno. Muhuri ulikuwepo, na ulipigwa kwa wino mwekundu, basi. Binti yetu alikuwa mlangoni na trei ya vikombe, na uso wake ulikuwa umekwisha.

Nilikasirika mpaka nikasikia masikio yanapiga. Nikaomba wiki mbili. Nikajiambia kwanza nimjue huyu mshindani wangu, anaulizaje habari za watu, maana hata mchawi ana fundi wake.

Jirani yangu ana binti anayesoma mambo ya kompyuta chuo kikuu, amepanga chumba mtaa wa Mutanga Sud. Nilikwenda huko kwa miguu, kwa sababu mafuta yalikuwa hayapatikani na watu wa pikipiki walikuwa wanataja bei ya ndege. Nilifika nimevimba miguu. Akanipa maji, akanipa kiti, akacheka sana niliposema nataka kujua mashine inamjuaje mtu.

"Haimujui, Mama," akasema. "Inasoma tu. Kuna vijiprogramu, wanaviita buibui. Vinaingia kwenye ukurasa mumoja, vinasoma maneno yote, vinaangalia ukurasa ule unaelekeza wapi. Unaelekeza kwa mwingine, vinakwenda kwa mwingine. Kutoka mulango kwa mulango, bila kulala. Vyote vilivyosoma vinawekwa kwenye daftari kubwa sana. Ukiuliza neno, mashine inafungua daftari, haiendi kutafuta saa ile."

"Ebo! Huyo buibui ni mi!"

"Kabisa. Halafu inapanga. Nani aje wa kwanza, nani wa mwisho. Inaangalia maneno yako yanafanana na nini, na inaangalia ukurasa ule unaelekezwa na wangapi. Tena si wangapi tu. Ukielekezwa na mutu ambaye na yeye anaelekezwa na wengi, wewe unapanda zaidi."

Hiyo ndiyo kazi yangu tangu ujana. Neno la mke wa imamu silipimi mzani mmoja na neno la mlevi wa kona. Nilijiona mtu mkubwa kidogo. Kumbe wazungu wametengeneza mashine ya pesa chungu nzima ili ifanye wanachofanya mashangazi wa Buyenzi kwa chai na kisheti!

"Sasa huyo buibui," nikauliza, "akifika Cibitoke anabisha hodi kwa nani?"

"Habishi. Asiye na ukurasa hana mulango. Buibui anapita tu."

Tukamwandika yule wa Kinindo kwenye simu ya msichana. Akanionyesha kidole kwa kidole. Ile ya juu kabisa ilikuwa tangazo, amelipia, na imeandikwa pembeni kwa herufi za aibu. Zilizofuata, kurasa tisa, zote zinamsifu na zote zinaelekezana: hii inasema nenda kwa ile, ile inasema rudi kwa hii, picha ni zile zile, hata kosa la Kifaransa ni lile lile. Ni mkono mmoja ulioandika. Msichana akasema mashine siku hizi imeshaujua mchezo huo na inaushusha, lakini kwa jina lake mwenyewe nani mwingine anayeandika habari zake? "Anakuwa wa kwanza katika mbio za mutu mumoja," akasema. Nilicheka mpaka mtandio ukaanguka. Ninawajua wanawake watatu wa mtaa wetu, wapishi wa harusi, kila mmoja anasifia pilau ya mwenzake, na hakuna aliyewahi kumwona mmoja wao anakula ya mwenzake.

"Na 'mutu wa kuaminika Bujumbura'? Hiyo imekujaje?"

Akaandika maneno hayo hayo kwenye simu yake. Ikaja kampuni ya walinzi na mbwa wao. Akaandika kwenye simu yangu, vivyo hivyo, mbwa. Dalali hakuwepo hata ukurasa wa tatu. Basi akanieleza kwamba mashine inakumbuka mtu anapenda kufungua nini, na kaka yangu bila shaka alikuwa anaufungua ukurasa wa yule bwana kila siku. Simu ilikuwa inampa kaka kile kaka anachokipenda.

Yarabi, nilivyorudi nyumbani sikuhisi miguu. Nilingoja wazee wakutane tena. Nikaweka simu yangu mezani, nikaweka ya mzee mmoja, nikamwambia kaka aandike maneno yake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Akaandika. Mbwa. Akaandika tena kwa simu ya mzee. Mbwa. "Chema chajiuza," nikasema, "kibaya chajitembeza. Na huyu wako kajitembeza hadi kalipa nauli; someni muhuri!" Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Kaka aliichukua faili yake ya kijani akaikalia. Binti yetu alinitazama kwa mbali kama vile nimemletea mvua, nami nikavimba kichwa, sitaki kusema uongo.

Baada ya hapo nikaenda Cibitoke kwa miguu yangu ya heshima. Niliuliza watu watatu, wenye uzito wote. Niliuliza bosi wa karakana anayofanyia kazi kijana. Niliuliza mwenye duka la rangi mkabala na karakana. Niliuliza mke wa imamu wa msikiti anakoswali. Nilipewa soda, nilipewa kiti chenye mto, nilipewa majibu mazuri. Nikarudi nikatangaza kwamba kijana ni safi, wazee wakapanga siku ya kutoa jibu, na kaka akasema "haya" kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Siku tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa namwigiza jirani yangu yale majibu, unajua tena nikianza kuigiza. Nikamwigiza bosi: "Kijana mutulivu, hana neno na mutu." Nikamwigiza mwenye duka: "Kijana mutulivu, hana neno na mutu." Nikafungua mdomo nimwigize mke wa imamu, na sentensi iliyokuwa inakuja ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Nilibaki mdomo wazi. Jirani akaniuliza kama naumwa na jino.

Nikaanza kufuata njia kwa kurudi nyuma. Mke wa imamu alimjua kijana kupitia kwa mumewe. Imamu alimjua kupitia kwa bosi, ambaye ndiye aliyetoa geti la msikiti. Mwenye duka humuuzia bosi rangi, akamjua kijana kwa bosi. Watu watatu, mdomo mmoja. Mi niliyewacheka watu wa kurasa tisa! Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na walikuwa wananitazama mimi waziwazi.

Kesho yake nikarudi Cibitoke, safari hii nikaenda nyumbani anakokaa kijana na mama yake. Pembeni ya geti lao kulikuwa na mwanamke anauza makaa kwa kopo. Safari ya kwanza nilimpita, naona haya kusema, nikainua gauni lisipate masizi. Sasa nikachuchumaa karibu yake, nikamsalimia vizuri, nikamwuliza kama anaijua nyumba ile.

Alinitazama kwanza. "Mi niko hapa myaka tisa," akasema, "na hakuna mutu ameshaniuliza kitu isipokuwa bei."

Basi akaniambia. Kijana alikuwa na mke. Walikaa miaka miwili, mimba haikuja. Asubuhi moja mama wa kijana akatoa sufuria za yule mke akazitupa nje, moja moja, kwenye tope, na nguo zikafuata.

"Na kijana alikuwa wapi?" nikauliza.

"Pale mulangoni. Anashika kikombe ya chai. Hakusema kitu. Akamaliza chai, akaenda kwa kazi. Mi ndiye nilimusaidia ule mwanamuke kuokota sufuria."

Sikununua hata makaa. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Mapenzi ya kazi yangu yalinitoka siku ile, na hofu ikaniingia, kwa sababu ni mimi niliyesema kijana ni safi mbele ya wazee, na nikifungua mdomo kaka atanicheka mpaka kaburini. Nasema kweli, hatua kama hamsini nilifikiria kunyamaza. Wengi wanaachana, nilijisemea. Huenda amebadilika. Halafu nikaukumbuka ule mkono ulionishika uani, nikaona haya.

Nilimkuta binti jikoni anakata vitunguu. Nikamwambia yote, hata yale ya gauni na masizi. Hakuacha kukata.

"Najua alikuwa na mke," akasema. "Aliniambia mwenyewe siku za mwanzo. Alisema walishindwana."

"Hakukuambia nani aliwafanya washindwane."

"Apana. Hiyo hakuniambia." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na mi sikujua ni vitunguu au ni nini. "Usimuambie Baba, Shangazi. Nitamuuliza mwenyewe."

"Utamuuliza wapi? Mposaji haulizwi!"

Na ni kweli, haulizwi. Kwa desturi yetu, kumhoji kijana mwenyewe habari zake ni kumvunjia heshima yeye na waliomleta. Hukaa nyuma ya wazee wake anaangalia vidole vya miguu, na watu wazima wanasema kwa niaba yake. Tumewahi kuuliza majirani, mabosi, maimamu, na sasa hata mashine. Yeye mwenyewe, mwenye habari zote, hatujawahi kumwuliza hata mara moja. Mi nilikuwa najivunia desturi hiyo.

Siku ilifika. Wageni walikuja saa kumi alasiri: ami yake, wazee wawili, na kijana. Kijana mzuri, mabega ya kazi, shati limepigwa pasi. Walivua viatu mlangoni, ncha zikielekea ndani, wakakaa mkekani, ami yake akasema maneno matamu ya kutosha kujaza ndoo. Kaka alikohoa ajiandae kutoa jibu, na jibu lilikuwa ndiyo, maana mi ndiye niliyemfunga mdomo. Binti akaingia na trei ya chai. Alitakiwa aiweke, asalimie, atoke. Aliiweka, akasalimia, akapiga magoti pale pale.

"Baba, naomba ruhusa niulize neno moja," akasema.

Kaka alinitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini kwa mara ya kwanza maishani hakuitazama simu. Akasema, "Uliza."

Binti akamgeukia kijana. "Mama yako alipotupa sufuria za yule dada, ulikuwa wapi?"

Ami yake akasema astaghfirullah. Kijana aliinua macho polepole. "Nilikuwa mulangoni," akajibu.

"Ulisema nini?"

"Sikusema."

Nilimpenda kwa hilo, walau hakudanganya. Binti naye alimpenda, niliona kwenye shingo yake, kila mtu chumbani aliona. Alivuta pumzi.

"Na mimi je? Akitupa zangu, utasema?"

Sema, mtoto wa watu, nilimwomba moyoni. Sema hata uongo, tutakusaidia kuubeba. Nilisikia gari linapita, nikasikia muuza samaki wa ndagala anaita barabara ya pili. Ami yake akamgusa goti: "Mwanangu, jibu basi." Kijana akafungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia vidole vya miguu yake.

Binti alimngoja muda mrefu kuliko ambavyo mi ningeweza. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akainama, akaanza kugeuza viatu vya wageni, kimoja kimoja, taratibu, ncha zote zielekee barabarani.